Taa za Huruma

Asubuhi ile Inspekta alikuwa amesimama jikoni kwake, macho kwenye sufuria ya maziwa, simu ilipolia. Akageuka kuichukua, akageuka tena, maziwa yameshapanda na kumwagikia jiko lote. Akazima, akashika kitambaa, akaanza kufuta huku simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Afande," sauti ya mwanamume ikasema taratibu. "Ameshafungwa?"

Alikuwa Msanii. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu anachora vibao vya maduka, na kweli mkono wake ukichora samaki kwenye bango la bucha ya samaki, paka wanasimama kuangalia. Mke wake, ambaye watu walimwita Mshonaji, alianguka ngazi za jengo lao jioni moja wiki iliyopita, akafa palepale. Tangu wamzike, kila asubuhi Msanii anampigia Inspekta na kuuliza swali hilohilo, neno moja, basi.

"Bado, kaka. Anapelekwa mahakamani kesho."

"Kesho."

"Ndiyo. Umekula?"

"Nashukuru, afande," akajibu, jibu ambalo si la swali lile, akakata.

Maziwa yaliyobaki hayakujaza hata kikombe. Inspekta akayanywa yakiwa ya moto hivyohivyo, akavaa viatu, akaenda kazini.

Kituoni, kwenye benchi la nje, alimkuta mama wa mtuhumiwa wa kifo hicho. Mama huyu alikuwa kama sehemu ya benchi siku hizi. Amekaa, chombo cha chakula mapajani, kimefungwa kwa kitambaa cha kichwani kwake.

"Mwanangu," akasema, "wanasema chakula cha asubuhi kimeshapita muda. Tumbo la mtu lina saa?"

"Nipe mimi, mama. Nitampelekea."

Ndani, Koplo alikuwa ameweka miguu kwenye kiti cha mwenzake, anachokonoa meno.

"Mkuu, faili limeiva. Limebaki kupakua tu."

"Funika kwanza," Inspekta akasema. "Niletee Honi."

Honi alikuwa dereva wa lori la maji, kijana wa mwili mkubwa, na jina alilipata kwa sauti yake. Akisalimia mtu wa mtaa huu, wa mtaa wa pili anaitika. Lakini alipoingizwa chumba cha mahojiano, sauti ilikuwa imekauka.

"Honi imekata," Koplo akasema.

"Koplo, kaa au toka." Inspekta akamsogezea kijana chombo cha mama yake. "Kula huku unaeleza. Anza jioni ile uliporudi."

"Nimeeleza mpaka ulimi umeota sugu, afande."

"Ota nyingine."

Honi akatazama chakula, hakugusa. "Nimerudi kazini, nimepanda hadi kwangu, ghorofa ya kati. Swichi ya taa za ngazi iko ukutani mlangoni kwangu. Kuwasha jioni ni kazi yangu. Hakuna aliyenituma, nimeirithi pamoja na mlango. Nikabonyeza, kimya. Nikazima, nikawasha tena, kimya. Nikasema haya ni mambo ya mwenye jengo wetu, Babu Funguo, nikaingia zangu ndani."

"Chumbani kwako taa iliwaka?"

"Iliwaka."

"Na hukushangaa?"

"Nyumba ile kila kitu kinaharibika kivyake, afande. Ukishangaa utachoka."

"Endelea."

"Nikasikia mama Mshonaji anapanda. Hatua zake nazijua, analalia mguu wa kulia, ule mwingine umechoka na pedeli ya cherehani. Akapita mlango wangu. Alipofika huko juu akaita, 'Taa!' Mtu wa juu akamjibu, 'Ipo, njoo tu.' Halafu..." Akasogeza chombo cha chakula pembeni. "Halafu kishindo. Nikatoka, nikapapasa, mkono ukagusa nywele zake. Zimelowa."

Koplo akainama mbele. "Huyo mtu wako wa juu ndiye anayetuvunja mbavu. Juu kuna mlango mmoja tu, wa mume wake. Mume amwambie mkewe taa ipo, wakati haipo?"

"Nasema nilichosikia."

"Na mchana wake ulimwambia nini marehemu? Jengo zima lilisikia."

Honi akafunika uso kwa viganja. "Nilimwambia iko siku cherehani yake itanyamaza."

"Ikanyamaza," Koplo akasema.

"Ilikuwa maneno ya usingizi, kaka! Mimi naamka alfajiri, yeye anashona. Tunagombana leo, kesho ananipigia mlango, 'Wewe Honi, leta hilo shati, kifungo kinaning'inia kama jino la mtoto.'" Akashika suruali yake gotini. "Hii kaipunguza yeye. Wala sikumwambia. Aliniona tu napita nakanyaga upindo."

Kesi dhidi ya Honi ilisimama juu ya mguu mmoja, na mguu wenyewe ulikuwa ile swichi. Wapangaji wote walisema taa huwashwa na yeye. Jioni ile zilikuwa hazijawashwa. Asubuhi yake, Koplo alikwenda kuikagua swichi, ikafanya kazi vizuri, balbu zote zikawaka. Umeme ulikuwepo, swichi nzima, balbu nzima. Kwa hiyo giza lile aliliweka mtu, na mtu huyo alikuwa amemtishia marehemu na kukutwa na damu yake mikononi.

Inspekta aliuliza swali moja tu la mwisho. "Nani alifika wa pili?"

"Babu Funguo, mume akiwa bado anashuka akipapasa ukuta. Alipanda na mwanga wa simu. Naye akabonyeza swichi, naye ikamgomea. Muulizeni."

"Hiyo haimo humu," Inspekta akasema, akifunua karatasi za faili.

Koplo akakohoa. "Sikumuuliza swichi. Nilimuuliza alichoona."

"Chukua kofia yako," Inspekta akasema.

Jengo lilikuwa la ghorofa tatu ukihesabu ya chini, jembamba, limebanwa kati ya duka la rangi na stoo ya mbao. Ngazi zake zilipita ndani kwa ndani, bila dirisha. Balbu zilikuwa tatu: moja juu ya mlango wa kuingilia, moja kwenye ngazi za kati, moja kule juu kabisa. Tangu msiba hazikuzimwa hata mchana, zilikuwa zinawaka, kama unaweza kuita kule kuwaka. Ndani ya kila balbu kulikuwa na uzi mwekundu kama kaa linalokaribia kuwa jivu.

"Wapangaji wanaziita taa za huruma," Koplo akasema. "Zinakuonea huruma, hazikuonyeshi jinsi ngazi zilivyo mbovu."

Babu Funguo, mwenye jengo, alikaa chumba cha chini mkabala na mlango. Alitoka na rundo la funguo kiunoni, zikimtangulia kwa mlio.

"Karibu mwanangu. Mmekuja tena? Huyo kijana hajakubali?"

"Shikamoo, Babu. Nina maswali madogo. Jioni ile ulipopanda, ulibonyeza swichi ya ngazi?"

"Marahaba. Nilibonyeza. Giza tupu."

"Umeme ulikatika jengo zima?"

"Hapana, vyumbani ulikuwepo. Nikajua ni Honi, ameivuruga swichi kwa makusudi."

"Na asubuhi Koplo alipokuja, zikawaka."

"Zikawaka, ndiyo. Nikajua ameitengeneza, kuficha ushahidi."

Inspekta akamtazama kwa upole. "Babu, Honi tulimchukua usiku uleule. Alfajiri alikuwa mahabusu. Aliitengeneza kwa simu?"

Funguo zikaacha kulia.

"Kati ya lile giza na Koplo kufika," Inspekta akasema, "nani aligusa kitu chochote cha taa kwenye jengo hili?"

"Hakuna."

"Fikiri, Babu."

"Hakuna, mwanangu. Mimi nilirudisha tu balbu ya mlangoni."

Koplo akageuka polepole. "Ulirudisha nini?"

"Balbu. Hii hapa ya mlangoni iliibiwa. Zinaibiwa, wapita njia hawana adabu. Niliamka nikakuta kishikio kitupu, nikaweka nyingine kabla hamjaja. Kuna msiba, watu wanaingia na kutoka."

"Mbona hukuniambia?" Koplo akauliza.

"Hukuniuliza! Uliuliza habari za juu. Mtu amefia juu, mimi nikuletee habari za mlangoni?"

Inspekta hakungoja wamalize. "Koplo, panda mpaka juu. Simama alipoangukia. Shika ukuta, ule upande mwingine ukingo wa kushikia umeng'oka."

Koplo akapanda. Inspekta akaomba kigoda, akakanyaga juu yake, akafunika mkono kwa leso, akaizungusha balbu ya mlangoni. Ikalegea, ikazimika.

"Mkuu!" Sauti ya Koplo ikashuka kutoka juu. "Umeme umekatika!"

"Umekatika?"

"Huku giza kama ndani ya chungu."

"Hiyo redio inayoimba ni ya nani?"

Kwenye chumba fulani redio ilikuwa inaimba kwa raha zake. "Ya... ya mpangaji," Koplo akasema.

Inspekta akaikaza balbu. Wekundu ukarudi kote, mlangoni, kati, juu. Akailegeza tena, kote kukazimika. Kisha akapanda hadi ya kati, akafanya vilevile. Ilikuwa habari ileile: ukigusa moja, zote tatu zinakufa.

Aliposhuka, uso wa Babu Funguo ulikuwa umesawijika.

"Nani aliunga taa hizi?"

"Fundi Shoti. Lakini si kosa lake, mwanangu, yule ni fundi mzuri, jina tu ndilo baya."

Fundi Shoti alikuwa na kazi mtaa wa nyuma, akaja haraka na bisibisi sikioni kama karani na kalamu. Alipoambiwa, alimwangalia Babu kwanza, si Inspekta.

"Babu, si uliniambia mwenyewe?"

"Nilikwambia nini?"

"Uliniita hapahapa. Ukasema, 'Fundi, balbu za ngazi zinaungua kila mara, nimechoka. Nataka taa zangu ziwake mfululizo.'"

"Ndiyo! Ziwake mfululizo! Bila kukatika!"

"Na mimi nikaziunga mfululizo."

Wazee wawili hawa, maana Fundi naye mvi zilikuwa zimeshaanza, wakatazamana kama watu waliokutana njia panda, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepotea.

"Nieleze mimi," Inspekta akasema.

Fundi akachukua bisibisi, akaitumia kuonyesha ukutani. "Kuna kuunga kwa namna mbili, afande. Ya kwanza ndiyo hii, mfululizo. Waya ni mmoja. Umeme unaingia balbu ya chini, ukitoka humo unaingia ya kati, ukitoka unaingia ya juu, ndiyo urudi. Ni kama watu waliopanga mstari wanapokezana ndoo. Mmoja akiondoka, ndoo inaishia hapo, hata waliobaki wawe na nguvu vipi."

"Na mwanga hafifu?"

"Msukumo ni ule ule mmoja, wanagawana watatu. Kila balbu inapata theluthi. Ndiyo maana haziungui, hazichoki. Babu hajanunua balbu miaka."

"Ni kweli," Babu akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuombea dua."

"Na ile namna ya pili?"

"Sambamba. Kila taa na njia yake, inakwenda yenyewe, inarudi yenyewe, inapata msukumo wote. Vyumba vyote humu ni sambamba. Cha huyu kikizima, cha yule hakina habari. Ngazi zingekuwa hivyo zingewaka kama mchana, na ukitoa moja, mbili zinabaki." Akashusha bisibisi. "Niliona ajabu mtu kutaka mfululizo kwenye ngazi. Lakini nikasema mzee amesoma, anajua anachotaka. Neno lenyewe si alilitaja?"

Inspekta akarudi kwa Babu.

"Balbu zako, ukiikuta iliyoibiwa, utaitambua?"

"Naweka alama shingoni kwa kila moja. Doa jekundu. Ni rangi ya kucha." Akasita. "Ya marehemu mke wangu. Ilibaki, sikujua niifanyie nini."

Koplo akapiga kiganja kwenye paja. "Mkuu! Kwenye kikapu cha marehemu kulikuwa na balbu! Tuliiandika kwenye vielelezo. Kumbe yeye mwenyewe aliitoa mlangoni, akapanda gizani, akaanguka. Kaliwa na alichokipika."

"Ile ilikuwa ndani ya boksi lake, Koplo, na boksi halijafunguliwa. Wala haina doa. Ile alitoka kuinunua." Inspekta akaanza kupanda ngazi, polepole, mkono ukutani. Alipofika mbele ya mlango wa Honi akasimama. "Mtu akienda kununua balbu, maana yake nini?"

"Kwake kuna taa haiwaki."

"Basi twende tukaione."

Hawakuhitaji kubisha ili kujua. Chini ya mlango wa juu kulikuwa na mstari mweupe wa mwanga, mkali, umekatiza giza la ngazi kama chaki. Nje jua lilikuwa la saa sita.

Msanii alifungua. Alikuwa amevaa shati la kazi lenye mabaka ya rangi, amelifunga vifungo vyote hadi shingoni. Ndani, karibu na dirisha lililofungwa pazia, cherehani ilikuwa na gauni jeusi bado limebanwa chini ya sindano. Pembeni yake taa ya mezani ilikuwa inawaka.

"Karibuni. Samahani, sijapanga," akasema. "Hiyo taa sijaizima tangu siku ile. Alikuwa hapendi nikimzimia."

Inspekta akasogea. Kwenye shingo ya balbu, chini kidogo ya kioo, kulikuwa na doa jekundu, na pembeni yake alama ya dole gumba, ya rangi ya buluu.

Koplo naye aliliona. Akavua kofia.

"Kaka," Inspekta akasema, "hii balbu umeitoa wapi?"

Msanii hakuonyesha hofu yoyote. Aliona haya kidogo, kama mtu aliyekamatwa amekula sukari. "Ya Babu hiyo. Ya mlangoni. Nilikuwa niirudishe, afande, kweli. Ya mke wangu iliungua mchana, na gauni lilikuwa linangojewa. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, alikuwa anajichoma tu vidole. Akasema anashuka dukani, na akitoka hapo ampelekee mteja nguo. Nikaona atachelewa. Nikatelemka nikaichukua ile ya mlangoni wakati kungali na mwanga, taa za ngazi hazijawashwa. Nilitaka arudi akute inawaka."

"Kwa nini ya mlangoni?"

"Haina kazi pale. Mwanga wa duka la rangi unaingia. Ya juu nisingeigusa, afande. Yeye anapita pale." Akaitazama taa. "Nikaona ajabu. Kule chini ilikuwa inawaka kama inaumwa. Hapa ikawaka mpaka nikajikinga macho. Nikasema, kumbe balbu ni nzima, nyumba ndiyo mbovu."

Inspekta akavuta kigoda cha cherehani, kisha akakiacha, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa. "Alipokuwa anapanda, alisema kitu?"

"Aliita. 'Taa!' Nikamjibu."

"Ulimjibu nini?"

"'Ipo, njoo tu.' Nilidhani ameona mwanga chini ya mlango. Nilidhani ananiuliza kama nimepata."

"Mbona kwenye maelezo yako hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza. Mtu na mke wake wanaongea, afande, nayo inaandikwa?"

Koplo alikuwa anaangalia sakafu. Kuna habari za kupeleka kwa mtu ambazo ukizunguka nazo zinaota miiba, kwa hiyo Inspekta akaisema moja kwa moja.

"Kaka, kaa chini."

"Nimesimama vizuri."

"Balbu tatu za ngazi zimeungwa mfululizo. Zinashikana. Ukitoa moja, hata ya mlangoni, zote zinazimika. Honi alibonyeza swichi jioni ile kama kawaida, zikagoma. Tumejaribu sasa hivi, Koplo alikuwa hapo nje."

Msanii alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kama mteja anayepima kibao kama kimenyooka.

"Kama herufi," akasema baadaye.

"Sijakuelewa, kaka."

"Ukifuta herufi moja kwenye kibao. Zilizobaki zipo, lakini neno limekufa."

"Ndiyo. Kama hivyo."

"Kwa hiyo alipoita taa..."

"Alikuwa gizani."

"Nami nikamwambia njoo."

Nje kwenye korido ya ngazi zilisikika funguo. Babu Funguo alikuwa amepanda kwa taabu hadi mlangoni, anahema, hajui aingie au ashuke. Msanii alimwona, akamkaribisha kwa mkono bila kumtazama, kama anavyokaribishwa mtu msibani.

"Babu, nilichukua balbu yako," akasema.

"Hiyo si kitu, mwanangu," Babu akasema. "Hiyo si kitu kabisa. Ungeniomba ningekupa. Mbona nina boksi zima chini ya kitanda."

Msanii akakaa sasa, si kwenye kiti, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani. "Mtoeni yule kijana," akasema. "Mtoeni leo. Kila asubuhi nilikuwa nakupigia simu, afande."

"Ndiyo."

"Hukuniambia ninyamaze."

"Ulikuwa umefiwa, kaka. Bado umefiwa."

Utaratibu una ukatili wake. Balbu ile ilikuwa kielelezo, bila hiyo Honi hatoki, na Inspekta alilazimika kuisema. "Nitaichukua. Unaweza kuizima mwenyewe kama unapenda."

"Zima wewe. Mimi mkono huu hautagusa taa tena."

Inspekta akaizima. Chumba kikapoa rangi ghafla, gauni jeusi likawa shimo tu juu ya meza. Koplo akanyoosha mkono kuizungusha balbu, akaurudisha haraka, vidole vimeungua, kisha akaitoa kwa kutumia kofia yake na kusimama nayo kifuani, hajui aiweke wapi.

"Nani atakaa na wewe?" Inspekta akauliza.

"Dada yangu. Anakuja. Yuko njiani."

"Babu atakaa mpaka afike."

"Babu magoti yanamuuma, aende akapumzike. Dada yuko njiani, afande. Nataka kulala kidogo. Sijalala."

Alisema kwa utulivu, na ni kweli alionekana mtu wa kulala. Inspekta alisimama mlangoni muda kidogo. Akatazama dirisha, akatazama ndoo za rangi zilizopangwa, akamtazama yeye. Kisha wakashuka, Koplo mbele na kofia yake, Babu katikati, Inspekta nyuma ameshika mkono wa mzee.

"Mkuu," Koplo akasema walipofika barabarani. "Tunaandika kaua nani? Babu alitaka balbu zidumu. Fundi kafanya alichoambiwa. Na huyu..." Akashindwa kumalizia. "Na mimi, sikuuliza swichi."

"Andika ilivyokuwa. Na kuhusu ule ukingo uliong'oka, andika kwa herufi kubwa."

Kumtoa Honi kulikula mchana wote. Mkubwa wa kituo alitaka aelezwe mara mbili, na mara ya pili Inspekta alilazimika kumchorea: mstari mmoja wenye maduara matatu, kisha mistari mitatu kila mmoja na duara lake. Mkubwa akafuta duara moja kwa kidole, akatikisa kichwa, akatia sahihi.

Mama yake Honi aliposikia hakupiga kigelegele. Alisimama kutoka kwenye benchi, akakaa tena, akasema, "Basi ngoja nimvalishe shati safi, asitoke hivi." Alikuwa nalo mkobani. Koplo akapita kwa kijana, akasimama mbele yake kama anataka kupiga saluti.

"Bwana mdogo. Ile habari ya honi imekata. Nisamehe."

Honi akampa mkono, kisha akamgeukia Inspekta. Habari za balbu alikuwa ameshaambiwa.

"Kwa hiyo kumbe nilisikia kweli. Aliitikiwa."

"Ulisikia kweli."

"Afande, Msanii yuko peke yake? Naweza kwenda kumpa pole, au nitamwongezea?"

"Nenda nyumbani na mama kwanza. Nitamuuliza."

Wakatoka, mama ameshika kiwiko cha mwanawe kana kwamba yeye ndiye anaongozwa. Inspekta alirudi mezani kwake. Balbu ilikuwa pale, imeshapoa, ndani ya mfuko wa vielelezo, doa la rangi ya kucha likitazama juu. Akatoa simu. Akaandika, *Kaka, Honi ametoka. Anataka kuja kukupa pole.* Akasoma, akafuta yote. Akaandika upya:

*Kaka, dada yako amefika?*

Akatuma. Ikatokea alama moja, halafu ya pili. Ujumbe umefika. Akaiweka simu juu ya meza, uso juu, akavuta karatasi ya ripoti na kuandika mstari wa kwanza. Akaitazama simu. Akaandika wa pili. Koplo alikuja na chai, akaona anachokitazama, akaweka kikombe bila mzaha wowote, akabaki amesimama.

"Hajajibu?"

"Bado."

"Labda amelala."

"Labda. Lakini tulimwacha peke yake, na huyo dada hatujamwona," Inspekta akasema. Akapiga. Simu ikaita upande wa pili, ikaita, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Akachukua ufunguo wa gari, na Koplo alikuwa ameshaufungua mlango.